Doomsday Clock inastahili kusomwa kabla ya kuhukumiwa

Ndugu, umeuliza kama mtu anayeipenda Watchmen, ile hadithi ya katuni ya mashujaa, anaweza kuisoma Doomsday Clock, mwendelezo wake ulioandikwa na watu wengine, bila kujihisi msaliti. Naona anaweza, ingawa shutuma dhidi ya mwendelezo huo si za bure. Mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons waliikamilisha Watchmen kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, na Moore mwenyewe amelalamika kwa miaka mingi kwamba haki za hadithi hiyo hazikuwahi kumrudia kama alivyotarajia. Kwa hiyo kumkutanisha Dr. Manhattan, mhusika wa Watchmen, na Superman katika Doomsday Clock bila ridhaa ya Moore kunawaudhi wengi, nami sikulipenda wazo hilo niliposikia habari zake.

Hata hivyo, ukumbuke kwamba Dr. Manhattan na Rorschach, mhusika mwingine wa Watchmen, walichipuka kutokana na mashujaa wa kampuni ya katuni ya Charlton, ambao Moore alikusudia kuwatumia kabla ya kuagizwa abuni wapya, hivyo kuazima wahusika si dhambi iliyoanzia hapa. Michoro ya Gary Frank katika Doomsday Clock, inayofuata kwa uaminifu mpangilio wa Watchmen wa fremu tisa kwa ukurasa, inatosha kukushawishi ufungue toleo la kwanza. Mwandishi wake, Geoff Johns, kwa maoni yangu, anajaza mambo mengi mno katikati, na kuchelewa kwa matoleo kati ya Novemba 2017 na Desemba 2019 kulizidisha udhaifu huo. Wewe utayasoma yote 12 mfululizo, kwa hiyo hutapata adha ile tuliyoipata sisi tuliosubiri.