Reli inaishia ziwani, sasa boti iko wapi?

Mhariri na wasomaji wenzangu habari za huko, shikamooni wakubwa. Swali lenu la wiki hii mmeuliza, reli ya kisasa ya SGR ikifika Kigoma na lami ikikamilika na ndege zikiongezeka, kitu gani kifanyike kwanza ili utalii wa kanda ya magharibi, Kigoma na Tabora, ukue na watu wa huku nao wapate chochote. Najua majibu mengi yatakuwa hoteli, matangazo, uwanja wa ndege. Mi jibu langu ni boti. Boti ya abiria yenye ratiba, inayojulikana inatoka saa ngapi, nauli kiasi gani, na maboya ya kuvaa yapo ya kuwatosha watu wote. Hicho kwanza, mengine yafuate.

Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa hiyo hili jambo naulizwa na wageni kabla hata hawajaweka begi chini. Mtu ametoka Dar kwa treni ya kawaida, karibu siku mbili yuko njiani, au amekuja na basi miguu imevimba, anafurahi amefika mwisho wa reli, halafu anauliza dada, Gombe naenda vipi kesho. Hapo ndo naanza kumueleza kitu ambacho hakuna aliyemwambia akiwa Dar, kwamba Kigoma amefika ila anakokwenda bado.

Maana angalia hifadhi zetu za sokwe zilivyokaa. Gombe iko kaskazini ya mji, kilomita kama 16 tu, lakini watu wanaingia kwa njia ya maji. Mahale iko kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, nayo ni kubwa kweli, kilomita za mraba 1,613, ina mlima Nkungwe wa mita 2,462 na msitu unashuka mpaka kwenye mchanga wa ziwa, na ndani humo gari hakuna, ni miguu yako, wageni wengi wanafika kwa boti au vindege vidogo. Kwa hiyo hata treni ije kwa kasi gani itamshusha mtu stesheni ya Kigoma, na stesheni yetu na bandari ni jirani kabisa, maji anayaona, chombo hana.

Kwa sasa anayetaka Gombe ana njia mbili. Ya kwanza ni kukodi boti. Inakwenda haraka, unarudi siku hiyo hiyo, ila bei yake inazidi nauli ya basi la Dar mara kadhaa na haipungui eti kwa sababu uko peke yako, mafuta ni yale yale. Wageni wa kikundi wanachangiana, sawa. Mwalimu wa Kibondo aliyekuja likizo na mke wake hawezi. Njia ya pili ni zile boti za mwalo wa Kibirizi hapa mjini, ndefu za mbao zenye mashine nyuma, zinazopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini, Mtanga, Mwamgongo, mpaka Kagunga mpakani na Burundi. Hizi ni nafuu na Gombe zinapita kabisa. Shida ni saa. Watu wa vijijini wanakuja mjini asubuhi, wanauza, wananunua, mchana wanarudi kwao, na boti inafuata maisha yao na ndivyo inavyotakiwa iwe, lakini mgeni yeye anakwenda kinyume chao, anaondoka Kibirizi mchana, anafika Gombe jua linaelekea kuzama, msituni hawezi kuingia saa hizo, anaingia kesho yake, na akitoka huko boti ya kwenda mjini ilishapita asubuhi, analala tena. Yaani ili ukae na sokwe saa moja inabidi ulale mara mbili, ule siku tatu, na kiingilio cha hifadhi nacho kinahesabiwa kwa saa 24. Nimeona watu wakipiga hesabu hapo kaunta na kalamu yangu, wananyamaza, halafu wananiuliza basi la kesho asubuhi linatoka saa ngapi. Inaniuma kila mara. Mtu amevuka nchi nzima amekwama kilomita 16.

Boti moja tu inayotoka Kibirizi saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni, hata kama ni mara tatu kwa wiki, ingebadilisha hii hesabu yote. Mtanzania hifadhini analipa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kinachomzuia mwenzetu ni chombo, kiingilio wala sio kikwazo.

Na wala sio kwamba tunaota kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Meli ya MV Liemba ilikuwepo. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, makasha kama 5,000, yakaja kwa meli mpaka Dar na kwa treni mpaka huku, ikaunganishwa hapa Kigoma ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata vita vilipowabana wakaizamisha wenyewe, ila injini waliipaka grisi kwanza, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Toka hapo imewabeba watu wa ziwa hili vizazi na vizazi, Kigoma mpaka Mpulungu kule Zambia, inapita Lagosa wanaposhuka wa Mahale, Ikola, Karema, Kipili, Kasanga, na sehemu nyingi gati lilikuwa hakuna, meli inasimama mbali, mitumbwi inaikimbilia, watu wanapandia ubavuni na magunia ya dagaa, mananasi, kuku, mtoto mdogo anapokezwa mkono kwa mkono. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwao wakajazana Kagunga, ufukwe mwembamba ule mlima uko nyuma, Liemba ndo iliyowatoa pale kuwaleta Kigoma. Kuna watu wametoka Ulaya kwa ajili ya kupanda hiyo meli tu, hawana habari na sokwe wala nini.

Ilipositisha safari kupisha ukarabati, pale mapokezi niliona tofauti kabisa. Kuna aina ya msafiri alipotea, yule wa begi mgongoni anayetoka Zambia kwa ziwa, anakaa Kigoma siku kadhaa anasubiri treni, anakula migebuka mwaloni, anatembea Ujiji, anapanda treni anashuka Tabora. Huyo hakuwa na hela nyingi lakini hela yake aliiacha kidogo kidogo kwa watu wengi, mama wa chai, kijana wa boda, gesti, muuza vitenge. Mtalii anayeshuka na ndege ndogo moja kwa moja Mahale sina ubaya naye, anachangia hifadhi na nchi inapata dola, ila mama wa chai wa Kibirizi hamuoni kabisa.

Halafu tukisema mtalii tunawaza mzungu na kamera. Njoo ukae hapa kaunta uone daftari la wageni. Wakongo wa Kalemie na Uvira, Warundi, watu wa Kasulu na Mpanda waliokuja harusini, wanafunzi, wafanyabiashara wa dagaa wa Dar. Hawa ndo wanaotuweka mjini. Mkongo anakuja kununua mzigo, akimaliza biashara ana siku nzima haina kazi, mzigo unasubiri chombo, anauliza hapa mnatembelea wapi. Huyo ni mtalii, tena ameshafika, hakuna aliyelipia tangazo la kumleta. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mizigo yao mingi inapita bandari yetu, kwa hiyo watu hawa wataongezeka tu reli ikikamilika, na kipande cha Tabora mpaka Kigoma cha kilomita 506 mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Sasa tunawaandalia nini zaidi ya kitanda?

Kuna mtu ataniambia wewe dada unataka kujaza watu Gombe mpaka sokwe waugue. Hapana, na hili nalichukulia kwa uzito sana. Gombe ni kadogo na sokwe wake ni kama mia hivi, na magonjwa yetu wanayapata kirahisi, mwaka 1966 polio iliwapiga wakafa wengine na wengine wakapooza, na Mahale wageni wanavaa barakoa, wanakwenda vikundi vidogo, saa moja basi. Hayo yabaki hivyo na yakazwe zaidi. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, akafariki Oktoba 2025, alichotuachia sisi watu wa Kigoma ni zaidi ya utafiti wa sokwe, kwa sababu toka 1994 ule mradi wa TACARE ulianza kwenda vijijini, miti, maji, elimu, mikopo midogo, kwa wazo kwamba msitu hauponi kama jirani yake ana njaa. Mi naona boti iko ndani ya wazo hilo hilo. Mwamgongo wanapakana na hifadhi, wanaangalia boti za watalii zinapita mbele yao kila mwaka, wapate na wao boti ya ushirika, nahodha wao, mapato yao. Idadi ya wanaoingia msituni ipangwe, anayekosa nafasi siku hiyo aende ziwani tu aogelee, maji yetu ni meupe unaona samaki wa rangi rangi chini ya miguu, wengine hawapatikani popote duniani isipokuwa humu. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina mita 1,470, halijai watu hilo.

Manahodha tunao. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, na sikatai, samaki walikuwa wamepungua kweli, dagaa ilikuwa haishikiki bei. Lakini Kibirizi na Katonga vijana walikaa tu, watu wanaolijua hili ziwa usiku na mchana, wanaojua kusi likivuma chombo kinajificha wapi. Na hiyo ndo miezi ya kiangazi, wageni wa sokwe ndo wanakuja kwa wingi. Sisemi boti ya dagaa ipakie watalii kesho, hapana, ziwa likichafuka halina utani na watu wameshazikwa. Nasema wakopeshwe vyombo vinavyofaa kwa abiria, vikaguliwe, wasomeshwe uokoaji, wapewe leseni, na miezi ya kufunga iwe na kazi.

Tabora nisiwaache, maana swali limewataja na wao na mimi naona wana shida tofauti. Treni ya zamani inakwenda polepole ila inalisha watu, kuku pale Saranda, asali Tabora, Uvinza kwenye chumvi ambayo wazee walikuwa wanaichemsha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Treni ya kisasa itapita vituo vingi bila kusimama, na imeshaanza hivyo Dar mpaka Dodoma toka 2024, watu wanasifia mwendo na mi nasifia. Tabora yenyewe lazima impe mtu sababu ya kushuka na kulala. Na sababu ipo, Kwihara ipo, ile tembe aliyokaa Livingstone 1872 baada ya kukutana na Stanley Ujiji mwaka mmoja kabla, lakini kwangu mimi Kwihara ni ya Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao zaidi, waliobeba maiti yake toka kule Zambia ya leo wakapita hapo Unyanyembe na kuendelea kwa miguu mpaka Bagamoyo, na ni ya wapagazi wa Kinyamwezi ambao bila mabega yao hakuna Mwarabu wala Mzungu angefika ziwani. Njia hiyo ya misafara ya watumwa na pembe imewekwa toka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Toa ramani uangalie, reli imeambaa nayo sehemu kubwa. Tiketi moja ingeweza kumshusha mtu vituo kadhaa akapanda tena kesho yake. Hapa Ujiji miembe ya barabarani bado ipo, wanafunzi wanakuja makumbusho, wanasikiliza dakika chache habari za wazungu wawili kusalimiana chini ya mwembe, wanaondoka. Yule anayetembeza wageni apewe muda na mafunzo asimulie hao wengine mamia waliokuwa wamesimama pembeni.

Ila narudi kwenye boti. Wanaojenga wanajenga kwa mikono miwili na nawapongeza kutoka moyoni, miaka ya nyuma mvua ikinyesha Kigoma ilikuwa kisiwa, daraja la Malagarasi limetuokoa. Naomba tu wakati huu ambapo mataruma bado yanalazwa, wizara na halmashauri na wenye boti wa Kibirizi wakae meza moja wapange saa. Treni ikiingia jioni, boti ya Gombe itoke alfajiri. Meli ya kusini iwe na siku yake haibadiliki, mtu wa Mahale ajue. Na ratiba hiyo ibandikwe Dar, Dodoma na Tabora pale pale dirishani anaponunua tiketi ya treni, na bei iandikwe kwa shilingi.