Usilipie kozi hiyo kwanza, dada

Dada, unauliza kama elfu themanini uliyopata kwenye chama cha akiba ulipie kozi ya akili unde (AI) mjini au ununue overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, pale Kariobangi. Nunua overloki. Ndiyo itakayokulisha ukijifunza.

Akili unde ianze na kazi unayoijua. Sheria ya Kenya inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mpango huo unaitwa AGPO, nawe unashona sare za shule! Sajili biashara, kisha umpe roboti wa maandishi, yaani programu ya akili unde unayoandikiana nayo kwenye simu yako, masharti ya zabuni, akueleze kwa Kiswahili na akusaidie kuandika barua. Hesabu zipige mwenyewe, maana roboti huyo hukosea kwa ujasiri mkubwa. Majina na namba za wateja usimpe kabisa. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Ukitaka kusomea utengenezaji wa programu zenyewe, waulize AkiraChix, shirika lililoanzishwa na wanawake hapa Nairobi mwaka 2010. Na tafadhali, usikubali kuambiwa umechelewa. Anayepima mwili kwa futi na kukata kitambaa bila kukiharibu tayari anafikiri kihesabu.