Usianze na Junior High, mkuu. Nililala mkekani wiki mbili kwa ajili yake

Mkuu, simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Nimesoma uzi wako: unataka kuanza Attack on Titan, ile anime (katuni ya Kijapani) ya majitu yanayokula watu, kwa ile ya vichekesho, Junior High, ambamo wahusika wale wale wako shuleni, kwa sababu ni fupi, haina damu, na likizo hii utakaa kuitazama na mwanao wa miaka 8. Halafu ukauliza maandishi ya tafsiri yanapatikana wapi, manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ananunuaje mtu aliyeko mkoani, na sijui nini kingine. Hayo tutayafikia. Kwanza weka rimoti chini.

Ulichoandika wewe ndicho nilichokifanya mimi, neno kwa neno, ila mtoto hakuwa wangu. Alikuwa wa dada yangu, na hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Nilienda kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kujazia muvi kwenye flashi. Nikamwambia nasikia watu wanaisifia hii anime ya majitu, nipe. Akaniangalia kama profesa: "Anza na hii bro, hizi 12 ndio utangulizi, hata watoto wanaangalia." Akaniwekea mafolda kabisa, la kwanza akaliita AOT S0, yaani msimu sifuri, la pili AOT S1. Sifuri! Nani alimwambia kuna sifuri? Nilipomrudia baadaye nikiwa nimefura, akakiri hajawahi kuangalia hata moja, yeye ni mtu wa tamthilia za Kituruki. Elfu tatu yangu ilishakuwa chipsi.

Utangulizi gani huo unaotoka baada ya kitu chenyewe? Msimu wa kwanza wa hadithi kuu ulitoka 2013, episodi 25. Junior High ikaja Oktoba hadi Desemba 2015. Hata manga yake, aliyoianza Saki Nakagawa mwaka 2012, ilikuwa kwenye jarida lile lile, Bessatsu Shonen Magazine, ambamo Hajime Isayama, mwandishi wa hadithi kuu, alikuwa anatuulia watu kila mwezi. Yaani msomaji analia ukurasa huu, akifunua mbele anamkuta marehemu yuko darasani anasinzia.

Kwetu hilo si geni. Ni watani msibani. Mtani anavaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikwepa madeni, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wewe mpita njia usiyemjua marehemu utaona vichaa tu. Mimi nilizitazama zote 12 kama mpita njia. Eren, mhusika mkuu, anayachukia majitu kwa sababu yalimlia chakula chake cha mchana, nyama ya kusaga yenye jibini aliyokuwa anaipenda kuliko kitu chochote duniani. Nikacheka kidogo, kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe asiyoijua ni ya nani. Armin, rafiki yake, anatembea na godoro lake shuleni amejifunika kwa baridi. Sawa. Marco anatabasamu. Sawa, mvulana mpole. Hakuna aliyeniambia nishike moyo kwa ajili ya Marco.

Lakini mpwa wangu alikufa kwa kicheko. Alikuwa darasa la tatu, na shuleni kwao kulikuwa na mtoto mmoja mkubwa anayekomba viporo vya wenzake. Basi kile kisa cha kuliwa chakula kilimwingia kabisa. Akawa anamwita yule mtoto "jitu", anarudi nyumbani anasimulia vita vya siku hiyo. Dada akafurahi: angalau kaka yangu siku hizi anamwonyesha mtoto vitu vya maana. Nikavimba kichwa.

Jumamosi moja akataka kuzirudia. Nikachomeka flashi kwenye TV, nikamwachia andazi na chai, nikaenda jikoni kupika. Kumbe TV yetu folda likiisha haikuulizi, inaingia linalofuata. Nikiwa nageuza samaki nikasikia makelele, watu wanapiga mayowe, majengo yanabomoka. Nikajua ni vile vichekesho. Wakuu, nilipaza sauti kabisa: "Cheka mjomba nisikie!"

Kimya.

Nilipochungulia, mtoto alikuwa amekaa na andazi mkononi, halijang'atwa, macho kama sahani. Kwenye skrini mama yake Eren amebanwa chini ya nyumba na lile jitu linalotabasamu linamwinua. Hiyo ni episodi ya kwanza, haikusubiri hata kumzoea mtu. Nilirusha mwiko nikakimbilia rimoti, nikabonyeza sauti badala ya kuzima. Nikaongeza sauti! Mpaka nachomoa flashi kwa mkono, kazi ilikuwa imekwisha. Mtoto akaniuliza taratibu sana: "Mjomba, si lilikuwa linakula chakula tu?"

Nijibu nini hapo? Nikamwambia samaki anaungua. Na kweli alikuwa anaungua.

Angeogopa usiku mmoja yakaisha, nisingekuandikia haya yote. Sasa, kwenye hadithi kuna ukuta wa mita 50, na jitu la kwanza linachomoza kichwa juu ya ukuta huo kwa kuwa lenyewe lina mita 60. Na sisi tuna ukuta. Na tuna jirani, mzee mmoja mrefu, mwema sana, ana mapapai. Jumatatu asubuhi akapanda ngazi upande wake, akachomoza kichwa juu ya ukuta wetu akitabasamu na meno yote nje, kashika papai: "Shikamoo hainifikii leo, kijana wangu?"

Mtoto alipiga yowe ambalo walisikia mpaka kwa mjumbe. Mzee nusura aanguke. Dada akatoka na kanga moja akidhani ni nyoka. Jioni mzee akaja kuuliza kwa upole kama kuna ubaya aliotufanyia, na nikalazimika kumweleza mtu mzima wa miaka sabini, mbele ya dada, kwamba anafanana na katuni. Dada aliniangalia mpaka nikatamani kuliwa. Hukumu: wiki mbili kulala mkekani chumbani kwa mtoto, taa ikiwaka. Mbu wa kule ndio majitu halisi.

Kwa hiyo mkuu, msimu wa kwanza wote, episodi 25, peke yako, mtoto amelala na mlango umefungwa. Ndipo ufungue Junior High. Kwa nini msimu mmoja tu? Kwa sababu wa pili ulikuja 2017, kwa hiyo utani wote wa 2015 umesimama juu ya zile 25. Mimi nilirudi kuitazama baada ya hapo, na yale ya chakula cha mchana yalinichekesha mpaka nikasikia vibaya. Marco alipotokea anatabasamu ilibidi nisimamishe kidogo.

Mwanao mtafutie paka na panya.

Maandishi ya tafsiri... nimesahau uliuliza ya lugha gani. Manga sijawahi kununua, nadhani kuna mdau humu atakusaidia. Mpwa wangu sasa yuko darasa la sita na juzi kaniuliza ile flashi iko wapi, wenzake wote wameshaangalia. Nimemwambia iliungua na samaki.