Sumaku Inavyochungulia Chini ya Barafu

Wanasema Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupita), una bahari chini ya barafu. Nani alitoboa akaiona? (Tanga)

Hakuna aliyetoboa. Kumbuka kile kifaa anachokupitishia mlinzi mwilini getini: funguo zinakiliza, kitana cha plastiki hakikishtui. Kinatoa uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, unaobadilika-badilika. Uga huo ukikuta kitu kinachopitisha umeme, unaamsha mkondo ndani yake, na mkondo nao unazaa uga wake mdogo. Huo mdogo ndio unaokiliza.

Kwa Europa, mlinzi ni Mshtarii. Mhimili wa sumaku yake umeinama kama digrii 10 kutoka mhimili wa kujizungusha, na sayari inajizungusha kwa saa zisizotimia 10, basi uga wake unapepesuka. Europa nayo inatembea, kwa hiyo mzunguko wa uga unaoipiga unakamilika kila saa 11 na kidogo. Chombo cha Galileo cha Marekani, kilichoizunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003, kilikuta Europa ikijibu. Swali likabaki: je, ikiwa ni sumaku ya kudumu tu ya mwezi wenyewe? Timu ya Margaret Kivelson, mwanasayansi aliyesimamia kipimasumaku cha Galileo, ikangoja hadi tarehe 3 Januari 2000, Galileo kilipopita wakati uga wa Mshtarii umegeukia upande wa pili. Jibu la Europa nalo lilikuwa limegeuka! Sumaku ya kudumu haina tabia hiyo. Kwangu mimi, hicho ni kipimo kimoja kitamu kuliko picha mia.

Kwa nini isiwe barafu yenyewe, au chuma cha kiini? (Eldoret)

Barafu hupitisha umeme kidogo mno. Kiini nacho kiko mbali sana. Mwangwi wake ungefika juu umefifia. Maji ya chumvi yaliyo karibu na uso yanatosha kueleza kilichopimwa. Ugumu uko hapa: bahari ya kina kifupi yenye chumvi nyingi inaweza kufanana na ya kina kirefu yenye chumvi kidogo. Ndiyo maana chombo kipya, Europa Clipper, kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na kinachotarajiwa kufika 2030, kitapita karibu na Europa mara 49 kikisikiliza pia badiliko la uga la polepole, la saa kama 85. La polepole huzama zaidi, hivyo kulinganisha mawili hayo husaidia kutenganisha kina na chumvi.

Na Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali? (Zanzibar)

Njia hii haisaidii sana huko. Mhimili wa sumaku ya Zohali umelala karibu sawasawa na mhimili wa kujizungusha, basi uga haupepesuki. Bahari ya Enceladus ilijulikana kwa njia nyingine, ikiwemo michirizi ya mvuke na barafu ambayo mwezi huo uliirusha mbele ya Cassini, chombo kilichoizunguka Zohali.

Huku kwetu inatumika? (Nakuru)

Jirani yako kabisa, Olkaria. Wapimaji wa jotoardhi hufukia koili ardhini na kusikiliza mabadiliko ya uga yanayoletwa na jua na radi za mbali. Wanasaka hasa tabaka la udongo mfinyanzi uliogeuzwa na joto. Linapitisha umeme vizuri, na mara nyingi limekaa kama mfuniko juu ya mvuke.