Usiangalie bei ya tangazo peke yake

Ndugu, umeuliza mbona intaneti ya nyumbani Marekani ni ghali kuliko Ufaransa na spidi zinakaribiana. Kikubwa ni ushindani. Ufaransa, kampuni ya intaneti iitwayo Free walipoleta 2002 Freebox, kifaa chao cha intaneti ya nyumbani, kwa yuro 29.99 kwa mwezi, kampuni nyingine zikabanwa kweli kweli, ila Marekani nyumba nyingi zina kampuni moja au mbili tu za waya, utaenda wapi? Halafu bei ya Ufaransa kodi iko ndani, Marekani mara nyingi wanaongezea ada nyingine juu, na ofa ikiisha bili inapanda. Cheki pia spidi ya kupandisha (kutuma faili mtandaoni, upload) jamani, watu wanaisahau sana: kwa megabiti 100 kwa sekunde faili la gigabaiti 1 linashuka sekunde kama 80, kulipandisha kwa megabiti 10 kwa sekunde ni dakika kama 13.