Nimfungie mtoto wa mbwa ili awe mkali?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai hapa Uyole, Mbeya. Nimenunua mtoto wa mbwa, dume, ana wiki sita, nataka awe mlinzi. Jirani ananishauri nimfungie bandani peke yake, asicheze na mbwa wengine wala na watoto, ndipo atakuwa mkali. Mwanangu anabisha, anasema kasoma kwamba mchezo hujenga ubongo wa mnyama. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Msikilize mwanao, ingawa sababu si ile wanayoitaja wengi. Husemwa kwamba mnyama mdogo anapocheza anajifunza kupigana na kuwinda. Ushahidi wa hilo ni hafifu. Nguchiro wa jangwa la Kalahari waliofuatiliwa tangu wadogo, waliocheza mieleka zaidi hawakushinda mapigano zaidi ukubwani. Paka waliokua bila vitu vya kuchezea nao walikamata mawindo sawa na wenzao. Mchezo hufundisha jambo jingine: kujizuia, na kumsoma uliye naye.

Tazama watoto wa mbwa wa tumbo moja. Mmoja anainamisha kifua, matako juu, mkia unapepea. Hapo anatoa taarifa kwamba kinachofuata ni mchezo. Anaruka, anang'ata sikio. Akibana mno, mwenzake analia “kwii!” na kuondoka zake, mchezo umevunjika. Punde wanarudiana, na safari hii taya limelegezwa. Mwenye nguvu naye hujilaza chali kwa hiari ili mnyonge ampande, kwa kuwa akishinda kila mara atakosa wa kucheza naye.

Yanayotokea ndani ya kichwa tunayajua zaidi kwa panya wa maabara. Panya aliyeondolewa gamba la nje la ubongo bado hucheza, maana hamu ya mchezo hutoka sehemu za ndani. Lakini mchezo wenyewe hulichonga gamba hilo. Sergio Pellis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, walilea panya wadogo, baadhi pamoja na wa rika lao, baadhi na panya mzima, ambaye hana habari na michezo. Kwa waliocheza, seli za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo zilikuwa na matawi machache zaidi. Usishtuke, hiyo ni faida: ubongo mchanga huchipua kupita kiasi, na yasiyo na kazi huondolewa, kama unavyopogoa mibuni. Eneo jingine, lililo juu ya matundu ya macho, liliongeza matawi kadiri panya alivyoishi na wenzake wengi, hata wasipocheza.

Panya aliyenyimwa mchezo utotoni akiingia kwenye himaya ya dume mwingine hajui kutulia yaishe. Anaendelea kupigwa.

Kwa mbwa, umri wa kuzoea viumbe na mambo huanza wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na 14. Ukimfungia wakati huo utapata mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemrarua kijana aletaye pumba. Kubwekea wageni kutakuja kwenyewe akianza kupevuka.

Kama aliyekuuzia bado ana ndugu zake, mrudishe akae nao hadi wiki ya 8. Ikishindikana, mtafutie mbwa mpole aliyechanjwa. Si wa rika lake, lakini mbwa wazima wengi bado hucheza. Watoto nao wacheze naye mkiwepo, na akibana meno mkononi mchezo ukome papo hapo, bila kumpiga. Bandani alale usiku tu, na kwa baridi ya Uyole mwekee majani makavu.

Asizurure barabarani wala mnadani kabla ya kumaliza chanjo, kwani virusi vya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua mbwa wadogo, hudumu udongoni kwa miezi. Anza chanjo ya parvo wiki hii, uirudie kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afike wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu.