Ukitaka kuielewa kalsiamu, itazame fosfeti

Mwaka wa kwanza chuoni nilikariri jedwali zima la homoni za kalsiamu, na mtihani nikaupasua. Wodini nikaulizwa swali moja tu: "Kalsiamu ya mgonjwa iko chini, fosfeti iko juu. Tatizo liko wapi?" Nikabaki nakodoa macho. Jedwali langu halikuwa na jibu, kwa sababu fosfeti niliiruka.

Ninyi mnaoanza, msiiruke. Asilimia 99 ya kalsiamu imo kwenye mifupa. Iliyomo kwenye damu ni kidogo, takriban 2.1 hadi 2.6 mmol/L, na kiasi hicho hulindwa kwa wivu, maana kikishuka neva na misuli huanza fujo. Kikipungua kidogo tu, tezi nne za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele, humwaga homoni yao, PTH, ndani ya dakika chache. PTH huchota akiba ya mifupa. Sasa jiulize: mfupa ukivunjwavunjwa hutoa nini? Kalsiamu pamoja na fosfeti. Zote mbili zikijaa kwenye damu zitashikana, na kalsiamu iliyotafutwa kwa shida itapotea tena. Ndiyo maana PTH huiamuru figo ibakize kalsiamu na imwage fosfeti kwenye mkojo. Mimi nilipolielewa hilo, mengine yalijipanga yenyewe.

Vitamini D haina ubaguzi huo. Hutengenezwa kwenye ngozi kwa jua, hupitia ini, kisha figo huikamilisha kwa amri ya PTH. Ikifika kwenye utumbo, hufyonza kalsiamu na fosfeti pia.

Rudi sasa kwenye swali la wodini. Vitamini D ikikosekana, PTH hupanda kufidia, kwa hiyo fosfeti hushuka. Kalsiamu yenyewe inaweza kuonekana ya kawaida kwa muda mrefu. Parathairoidi zikiharibika, kalsiamu iko chini na fosfeti juu. Figo zikifeli, picha ni hiyohiyo, ila PTH iko juu sana, kwa hiyo angalia kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikizembea, kabla hujabashiri. Mgonjwa wangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tezi ya thairoidi, ambayo parathairoidi zimejibanza nyuma yake na huweza kuumia kisu kikipita, na midomo na vidole vilikuwa vinamchonyota. Ningemsikiliza yeye kwanza, nisingehitaji jedwali.

Kalsitonini, homoni ya thairoidi inayoshusha kalsiamu? Ijue kwa ajili ya mtihani, ulale mapema. Aliyeondolewa thairoidi yote hupewa thairoksini, homoni kuu ya tezi hiyo, maisha yake yote. Kalsitonini hapewi, na kalsiamu yake haiyumbi kwa kuikosa.

Magnesiamu ndiyo inayosahaulika. Ikiwa chini sana, parathairoidi hushindwa kutoa PTH, na utamwongezea mgonjwa kalsiamu usiku kucha bila kupanda.

Halafu kuna mtego wa maabara, ambao ulininasa. Sampuli ilipungua, nikamimina damu ya mrija wa kifuniko cha zambarau kwenye mrija wa kemia. Ule wa zambarau una EDTA yenye potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Majibu yalirudi: kalsiamu karibu haipo, potasiamu ya kutisha. Tukakimbilia kitandani na sindano mkononi. Mgonjwa alikuwa amekaa anakula chapati, akatuuliza kuna nini.